Wanauliza bangi, wanapima ukweli

Jumapili moja jioni mpwa wangu alikuja kwangu, hapa Maryland, kompyuta mpakato ikiwa kwapani. Alikaa kwenye meza ya jikoni akaifungua kabla hata ya kuvua koti. Alikuwa amepata kazi kwenye kampuni inayotengeneza programu kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na kazi ilikuwa yake kwa sharti moja tu, kwamba apate kibali cha usalama. Fomu ya kuombea kibali hicho, ile inayoitwa SF-86, ina kurasa zaidi ya mia. Alikuwa ameshajaza nyumba zote alizowahi kuishi, shule alizosoma, ndugu walioko nje ya nchi na majirani wanaoweza kumsemea. Kufika Sehemu ya 23 akakwama.

"Mjomba," akaniambia, "hapa nikijibu ndiyo, si nimejimaliza?"

Nikavuta kiti nikasoma. Swali linataka kujua kama katika miaka 7 iliyopita amewahi kutumia dawa za kulevya kinyume cha sheria. Ukijibu ndiyo, visanduku vingine vinafunguka chini yake: dawa gani, mwezi na mwaka ulioanza, mwezi na mwaka wa mara ya mwisho, mara ngapi, katika mazingira gani. Kisha linakuja lile la mwisho, una nia ya kuitumia tena siku za mbele? Mpwa wangu alikuwa amevuta bangi chuoni mara nne au tano. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye harusi ya rafiki yake, miezi 14 kabla ya jioni ile, humu humu Maryland, ambako tangu Julai 1, 2023 mtu mwenye miaka 21 anaingia dukani, anaonyesha kitambulisho, anainunua na kupewa risiti.

Wenzake walikuwa wameshamshauri. Ushauri wenyewe ulikuwa maneno matatu: kataa, nani atajua? Nimeusikia ushauri huo mara nyingi mno kwenye makundi yetu ya WhatsApp na kwenye vibaraza vya msikitini na kanisani, na kila mara unatolewa na mtu mwenye nia njema. Ndiyo maana naandika. Ushauri huo umeharibia watu kazi ambazo bangi yenyewe isingeziharibu.

Tuanze na kibali chenyewe. Ni idhini ya serikali ya shirikisho ya kumruhusu mtu kuona taarifa za siri: siri ya kawaida, siri, na siri kuu. Mwishoni mwa muongo uliopita waliokuwa na sifa ya kuwa nacho walikuwa zaidi ya milioni 4, na wengi wao si majasusi. Ni mafundi wa ndege, wahasibu, wakalimani, watu wa kompyuta, madereva. Kwa kawaida lazima uwe raia wa Marekani, na kwa vijana wetu wengi waliokulia hapa wakaapa uraia, ndiyo mlango wa kazi nzuri kuliko zote zilizo ndani ya uwezo wao. Upekuzi wenyewe, kwa waombaji wengi, hufanywa na wakala wa Wizara ya Ulinzi uitwao DCSA. Mpekuzi anakusanya habari. Mwamuzi, mtu mwingine kabisa ambaye huenda msionane maishani, ndiye anayesoma jalada na kukata shauri.

Mwamuzi huyo anaongozwa na kanuni 13 zilizopewa herufi A hadi M, na toleo linalotumika lilianza kazi Juni 8, 2017. Dawa za kulevya ziko kwenye Kanuni H. Watu wengi wanadhani Kanuni H inasema: aliyetumia, asipewe. Haisemi hivyo. Nusu yake ya kwanza inataja yanayotia shaka, kama vile kutumia, kukutwa nayo, kuuza, kupimwa na kukutwa nayo mwilini, au kusema wazi kwamba huna mpango wa kuacha. Nusu ya pili inataja yanayoondoa shaka hiyo. Je, ni zamani? Ni mara chache? Ni katika mazingira ambayo hayatajirudia? Umeachana na wale mliokuwa mkitumia pamoja, umehama mazingira yale? Uko tayari kutia saini kwamba hutagusa tena, ukikubali kwamba ukigusa kibali kifutwe? Aliyekuwa mraibu akamaliza tiba, na daktari akaandika kwamba matumaini ni mazuri, naye ana nafasi. Mwamuzi anatakiwa kumtazama mtu kwa ujumla wake: alikuwa na umri gani, alishawishiwa au alijitakia, amebadilika au bado.

Hata hivyo asitokee wa kudhani kibali ni haki yake. Mahakama Kuu ya Marekani ililimaliza hilo mwaka 1988 katika kesi ya Jeshi la Wanamaji dhidi ya Egan. Thomas Egan alikuwa kibarua kwenye kituo cha kutengeneza nyambizi jimboni Washington. Alinyimwa kibali kwa sababu ya makosa ya jinai ya nyuma, tatizo la pombe, na makosa mengine ambayo hakuyataja kwenye fomu ya kuombea kazi. Mahakama ikasema hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali, na kwamba shaka ikibaki, iegemee upande wa usalama wa taifa. Kwa mahakama ya jinai shaka humwokoa mshtakiwa. Hapa humwangusha mwombaji. Anayejaza fomu bila kuijua tofauti hiyo anaingia mchezoni bila kujua goli lake liko upande gani.

Sasa bangi na mkanganyiko wake. Colorado na Washington zilikuwa za kwanza kuihalalisha kwa starehe, mwaka 2012, na leo yaliyoihalalisha ni majimbo 24 pamoja na mji mkuu. Serikali ya shirikisho bado inatumia sheria ya 1970 iliyoiweka bangi daraja la kwanza, lile kali kuliko yote, kundi moja na heroini. Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza ishushwe hadi daraja la tatu, na wapo waliolipokea pendekezo hilo kama ruhusa. Dawa ya daraja la tatu bado ni kosa kuitumia bila cheti cha daktari. Risiti ya duka la Maryland haimwambii kitu mwamuzi, kwa sababu yeye anaapa kwa sheria ya shirikisho na sheria hiyo haijui jimbo.

Waraka uliojaribu kunyoosha mambo ulitolewa Desemba 2021 na Avril Haines, aliyekuwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa. Ulisema kwamba bangi iliyovutwa zamani kwa starehe ni jambo la kuzingatiwa, ila si la kuamua shauri peke yake. Ulizitaka pia taasisi ziwashauri waombaji wasiguse bangi tena kuanzia siku wanapotia saini fomu. Mmoja wa waliomtangulia, James Clapper, mwaka 2014, alikuwa mkavu zaidi: majimbo yafanye yatakavyo, masharti ya kibali hayajabadilika. Ukiziweka nyaraka hizo mbili mkono kwa mkono unaona serikali inayojua kwamba ikiwakataa wote waliowahi kuvuta itabaki na watu wachache sana wa kuajiri, na bado haijawa tayari kuyasema hayo kwa sauti.

Kwa mpwa wangu, basi, mara nne au tano na miezi 14 ya kukaa mbali ni jambo linaloweza kuvukika kabisa. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba lipo jambo moja ambalo asingelivuka kirahisi, nalo ni kubofya "hapana".

Ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza rufaa za vibali, DOHA, huzichapisha hukumu zake majina ya waombaji yakiwa yamefutwa, na yeyote anaweza kuzisoma. Mimi nimekaa nazo usiku mwingi. Kuna hadithi inayojirudia humo hadi unaweza kuimalizia kabla hujafika ukurasa wa mwisho. Mtu alijaza fomu akiwa kijana, akaandika hapana. Akapata kibali, akafanya kazi vizuri, akaoa, akanunua nyumba. Miaka ikapita, akaomba kibali cha ngazi ya juu, safari hii akiwa na mpekuzi mkali mbele yake au mashine ya kupima uongo kifuani. Akaamua kusema kweli: alivuta chuoni. Ile bangi ya chuo, kwa wakati huo, ina miaka kumi na zaidi, na chini ya Kanuni H ingefutika bila jasho. Lakini jalada limeshahamia Kanuni E, ya mwenendo binafsi, ambayo inahusu uongo. Na uongo hauna umri wa miaka kumi. Uongo una umri wa siku ile alipoacha kuusahihisha, yaani jana.

Uongo huo ni jinai pia. Sheria ya shirikisho inampa anayeidanganya serikali kwa makusudi kifungo cha hadi miaka 5. Sehemu ya 23 yenyewe, kinyume chake, ina maneno ambayo wengi huyaruka: majibu yako ya kweli kuhusu kutumia dawa hayatatumika kama ushahidi dhidi yako kwenye kesi ya jinai. Nilimwonyesha mpwa wangu mstari huo kwa kidole. Akausoma mara mbili, midomo ikitikisika, kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba.

Na hao wanaouliza nani atajua wanasahau upekuzi unavyofanyika. Mpekuzi hazungumzi tu na watu uliowaandika wewe. Anawauliza hao wakutajie wengine, kisha anawafuata hao wengine. Anamkuta uliyeishi naye chumba kimoja mwaka wa pili. Anakuta fomu uliyowahi kujaza kwa ofisa wa kuandikisha jeshi, na maelezo uliyompa daktari. Siku hizi hata ukishapata kibali upekuzi haukomi: kumbukumbu za polisi, mahakama na madeni hukaguliwa na mitambo mfululizo, pasipo kungoja ile miaka mitano au kumi ya zamani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijaona mahali methali hii inapofaa kuliko kwenye fomu hii.

Ukweli ndio unaopimwa kwa sababu ya hofu moja ya msingi: kushikwa pabaya. Jasusi wa nje akijua jambo lako ambalo mwajiri wako halijui, amekushika. Akikutisha kwa jambo ambalo limeshaandikwa kwenye jalada lako kwa mkono wako mwenyewe, hana kitu. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyevuta na akasema ni salama kuliko mtu aliyevuta kidogo kuliko yeye na akaficha. Marekani ilichukua muda mrefu kulielewa hili. Amri ya Rais Eisenhower ya 1953 ilitumika kuwafukuza mashoga serikalini, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba wangetishwa kwa siri yao. Frank Kameny, mtaalamu wa sayansi ya nyota aliyefanya kazi katika idara ya ramani ya jeshi, alifukuzwa mwaka 1957. Siri iliyokuwa ikiogopwa ilikuwa imetengenezwa na amri yenyewe. Ondoa adhabu, na tishio linakufa. Mwaka 1995 Rais Clinton alipotia saini amri mpya ya vibali, ile inayotumika hadi leo, ilikataza kubagua kwa msingi huo. Sisemi mwelekeo wa mtu na bangi ni kitu kimoja. Kuvuta ni tendo la hiari na ni kosa kwa sheria ya shirikisho. Nasema kanuni ya kushikwa pabaya ni ileile. Serikali ikimwadhibu anayesema kweli, inazalisha watu wenye siri, na watu wenye siri ndio wanaotafutwa na majasusi.

Wapo watakaoniambia nachukulia mambo kirahisi, nao wana jina la kunitupia: Christopher Boyce. Katikati ya miaka ya 1970 Boyce alikuwa kijana tu, mwajiriwa wa kampuni ya TRW huko California, akifanya kazi kwenye chumba cha mawasiliano ya siri za satelaiti. Rafiki yake wa utotoni, Andrew Daulton Lee, alikuwa muuza dawa za kulevya. Boyce alizitoa nyaraka, Lee akazipeleka ubalozi wa Kisovieti mjini Mexico City, wakakamatwa Januari 1977. Mmoja alifungwa miaka 40 na mwingine maisha. Kisa hiki ni cha kweli na sikitupi. Kinaonyesha kwa nini Kanuni H inauliza habari za marafiki, na kwa nini biashara ya dawa haiwekwi kapu moja na kijana aliyevuta harusini. Lee alikuwa ameishi miaka mingi kwa kununua na kuuza kwa siri. Nyaraka zilikuwa bidhaa nyingine tu kwenye njia ileile.

Lakini mwenye kunitupia Boyce naye apokee Aldrich Ames. Huyu alikuwa ofisa wa CIA aliyeanza kuwauzia Wasovieti majina ya watu mwaka 1985 na kukamatwa Februari 1994, baada ya watu kadhaa aliowauza kuuawa. Ulevi wake ulijulikana ofisini. Alipita kwenye mashine ya kupima uongo mwaka 1986 na tena 1991. Pombe ilikuwa halali, kwa hiyo ilivumiliwa. Pombe ina kanuni yake, G, lakini hiyo haikuulizi kama umewahi kunywa. Inauliza kama kunywa kwako kumeleta matatizo. Mtu anayelewa kila Ijumaa na kurudi salama nyumbani hana cha kueleza, na aliyevuta mara nne ana ukurasa mzima. Ningependa siku moja dawa zitazamwe kwa jicho hilo, kwa kipimo cha kama mtu anaweza kuaminika kazini. Haitakuwa kesho.

Kuna mahali ambapo nakubaliana na serikali bila kusita. Aliyeshika kibali mkononi na bado anavuta, huyo simtetei. Hapo fomu inaacha kuuliza miaka 7 na kuuliza "umewahi", maisha yako yote, na ni haki yake. Mtu huyo aliahidi kwa saini yake, akajua sharti, akalivunja kimya kimya huku akisoma siri za nchi. Sheria ya mwaka 2008 inakataza moja kwa moja kumpa au kumhuishia kibali mtu ambaye ni mtumiaji kwa sasa au mraibu, na agizo la Rais Reagan la 1986 liliwataka watumishi wote wa shirikisho wajiepushe na dawa, wakiwa kazini na hata nje ya kazi. Mambo haya yanajulikana kabla hujaingia. Anayeona hawezi kuishi bila bangi achague kazi nyingine, zipo nyingi na ni za heshima.

Ugomvi wangu uko kwingine. Kanuni H inasema "zamani", na haisemi zamani ni miezi mingapi. Waamuzi wa rufaa wameshikilia kwamba hakuna mstari uliochorwa. Kila shauri na lake. Ukilisikia mara ya kwanza linasikika kama hekima. Kwa anayejaza fomu ni giza. Miezi 14 inatosha? Sita je? Wakili mzuri atakuambia jinsi mashauri ya karibuni yalivyokwenda, na mwenye pesa ya wakili huyo anajaza fomu akiwa ametulia. Asiye nayo anauliza kundi la WhatsApp, anaambiwa kataa. FBI, ambayo hakuna anayeituhumu kwa ulegevu, ina mstari ulioandikwa kwa wanaoomba kazi kwake: bangi isiwe ndani ya mwaka 1 kabla ya kuomba, ingawa ile ya kabla ya miaka 18 haikufungii mlango peke yake, dawa nyingine zisiwe ndani ya miaka 10, na anayedanganya kuhusu historia yake hafai. Hadi 2021 mstari wa bangi ulikuwa miaka 3. Uliposogezwa, FBI haikuanguka. Miaka saba kabla ya hapo mkurugenzi wake wa wakati huo, James Comey, alikuwa amelalamika hadharani kwamba baadhi ya vijana wa kompyuta anaowahitaji kupambana na wadukuzi wanavuta. Kama FBI inaweza kuandika namba kwenye ukurasa wa kila mtu kusoma, mfumo mzima wa vibali unaweza. Mwaka 2022 ofisi ya utumishi ya serikali ilipendekeza dodoso jipya linaloitenga bangi na dawa nyingine na kufupisha kipindi kinachoulizwa. Huo ndio mwelekeo sahihi, na kila mwaka unaopita fomu ya zamani ikiwa bado mezani kuna kijana mahali fulani anabofya "hapana".

Jambo jingine halisemwi vya kutosha, nalo linamuumiza msema kweli. Mchakato kamili huchukua miezi, kwa hiyo kampuni nyingi hutegemea kibali cha muda, kinachotolewa haraka kama jalada halina doa. Aliyeandika ndiyo kwenye Sehemu ya 23 mara nyingi hapati hicho cha muda. Hajakataliwa, faili lake linasubiri tu. Ila kampuni ina mkataba, ina tarehe, na haiwezi kusubiri. Inamwandikia barua ya masikitiko. Kwenye takwimu za serikali kijana huyo hahesabiwi popote kama aliyenyimwa. Aliyedanganya, wakati huohuo, ameshapewa kadi ya mlango. Mfumo unaotaka watu waseme kweli hauwezi kuendelea kuwatoza wasema kweli kodi ya miezi minane bila mshahara huku waongo wakipitishwa dirishani. Kwa mtu aliyetumia bangi mara chache na akaacha, kibali cha muda kitolewe, kwa masharti ya kupimwa mkojo ikibidi.

Halafu kuna suala la nani hasa anabeba mzigo. Ripoti ya 2020 ya ACLU, shirika la kutetea haki za raia, ilionyesha kwamba Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano wa kukamatwa kwa kukutwa na bangi zaidi ya mara 3.6 ya mweupe, ingawa viwango vyao vya kutumia vinakaribiana. Mweupe aliyevuta bwenini anaamua mwenyewe aandike nini. Mweusi aliyekamatwa kituo cha basi ana rekodi ya polisi, na inamsubiri Sehemu ya 22 kabla hajafika hata ya 23. Tendo ni moja, majalada mawili. Na ile hoja ya kuachana na marafiki na kuhama mazingira ni rahisi kwa mwenye mahali pa kuhamia.

Kwa wasomaji wetu wa Kiswahili walioko Marekani niseme mambo matatu madogo ambayo watu hujikwaa nayo. La kwanza ni miraa. Kwetu ni mazungumzo ya jioni. Hapa kathinoni, kemikali iliyomo kwenye jani bichi, imo daraja la kwanza tangu 1993, pamoja na heroini. Aliyetafuna Minneapolis au Columbus akadhani swali halimhusu kwa kuwa halikuandika "miraa" amekosea. La pili ni vidonge vya wenzetu. Mwanafunzi aliyepewa Adderall, kidonge cha kuongeza umakini, na rafiki yake usiku wa kuamkia mtihani ametumia dawa ya cheti kisicho chake, na fomu ina swali maalumu kwa hilo. Nimekuta watu waliokumbuka bangi yote wakasahau kidonge hicho. La tatu ni yale mafuta ya CBD, yanayotokana na mmea wa bangi na kuuzwa kila duka: waraka wa Haines wa 2021 ulionya kuwa kiwango cha THC, kemikali inayolevya, kilichoandikwa kwenye chupa si lazima kiwe ndicho kilichomo ndani. Mkojo hausomi lebo.

Ukitazama juu, mambo yanachanganya zaidi. Mwaka 1987 Douglas Ginsburg alipoteza nafasi ya kuwa jaji wa Mahakama Kuu baada ya kukiri kuvuta bangi. Miaka ishirini na moja baadaye Wamarekani walimchagua Barack Obama, aliyekuwa amesema wazi kwamba ujanani alivuta bangi na kujaribu kokeni, na rais hahitaji kibali chochote. Kura ndiyo kibali chake. Machi 2021 msemaji wa White House alithibitisha kwamba watu 5 waliokuwa wameanza kazi pale hawakuwepo tena kwa sababu ya sera ya dawa. Chini ya paa lile lile msaidizi anapimwa kwa mizani ambayo bosi hajawahi kuipanda.

Jioni ile mpwa wangu alibofya "ndiyo". Tulikaa saa nzima tukitafuta miezi. Alifungua picha kwenye simu yake kujua harusi ilikuwa tarehe ngapi. Akampigia aliyeishi naye chuoni kumuuliza ile safari ya baharini ilikuwa mwaka gani. Kwenye mara ngapi aliandika "mara 5", kwa sababu hakuwa na uhakika kama ni 4, na akaeleza hivyo hivyo kwamba hana uhakika. Kwenye swali la nia ya baadaye aliandika hapana, kisha akageuka kuniangalia. Nikamuuliza, "Ni kweli?" Akanyamaza kidogo. Akasema ni kweli. Tukaandika pia ile ahadi ya kutogusa tena, ukurasa mmoja, akaiweka kando na saini yake ya wino.

Kibali cha muda hakikutoka. Kampuni, kwa bahati, ilimpa kazi isiyohitaji siri na kumwambia asubiri. Mwezi wa tano mpekuzi alimpigia, wakakutana kwenye maktaba ya mtaa, mwanamke wa makamo mwenye daftari la manjano. Alimuuliza habari za harusi ile kwa dakika kama kumi: nani aliileta, walikuwa wangapi, bado anaonana nao? Kisha akafungua ukurasa mwingine akaanza kuuliza habari za shangazi zake walioko Tanga.